Uzi wa Kurudi

Waliokwenda Halvik hawakufa, na hilo ndilo lililowatesa zaidi waliobaki. Mtu akifa, watu humlilia, humzika, hukaa matanga, kisha huanua na maisha yakaendelea. Lakini utamlilia vipi mtu ambaye kila Jumapili anatokea kwenye kioo cha simu, amenawiri, amevaa koti zuri, anauliza kwa adabu, "Mama, hujambo?" na ukimwambia baba yake amefariki anakujibu, "Poleni sana," kama anayempa pole jirani aliyeunguza mboga?

Ndivyo alivyojibu Mujuni. Mzee alipofariki, ukoo mzima ulikaa ukimsubiri yeye, mtoto wa kwanza wa kiume na mrithi wa kibanja, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mhaya pande zote. Hakuja. Wala hakukataa kuja. Alisema tu kwamba haoni haja, kwa kuwa marehemu hatamwona. Mama yake, Ma Koleta, alikizima kioo kwa mkono wake mwenyewe, akawaambia watu mtandao umekatika. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyemwamini.

Kwa hiyo Kemilembe, mdogo wake Mujuni, alipoitwa na mkuu wa idara chuoni Bukoba na kuambiwa kwamba Halvik wamemkubali, hakuruka wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Na utulizo?"

"Ni lazima," mkuu wa idara akasema, macho yake yakiwa dirishani. "Unajua ni lazima."

Alijua. Nani asiyejua? Miji ya Shirikisho la Kaskazini, Halvik ukiwemo, ilikuwa imejaa wazee na vyuo vitupu, ndipo walipofungua milango kwa vijana wa mbali. Vijana walikwenda kwa wingi, na upweke ukawaua. Wengine walirudi kabla ya muhula kwisha. Wengine waliacha kula, wakakutwa vyumbani wamekauka. Wataalamu wa Shirikisho hawakupunguza baridi wala hawakuwafundisha watu wao kusalimia. Walitengeneza utulizo. Chembe ndogo kuliko vumbi huvutwa kwa pua, zikapanda ubongoni hadi pale ambapo sura, sauti na harufu za watu wetu zimefungwa pamoja na hamu na uchungu. Pale zinakata. Kumbukumbu inabaki nzima. Kinachoondoka ni kule kuvutwa.

Wale wa kwanza walikatwa nyuzi zote zilizowavuta kwa watu na vitu. Hawakulia, hawakulalamika. Walikaa madirishani wakitazama nje, wasitake chakula wala maji, wasitake hata kufa. Ndipo ikajulikana kwamba binadamu hawezi kuishi bila kuvutwa na kitu, angalau kimoja. Tangu hapo kila mwanafunzi huachiwa uzi mmoja, auchague mwenyewe. Wanauita uzi wa nanga.

Ma Koleta hakuwahi kumuuliza Mujuni uzi wake aliuacha wapi. Aliamini anajua. Angekuwa nani tena, kama si mama aliyemzaa? Kwa imani hiyo alikuwa akifagia chumba cha Mujuni kila Jumamosi, na kutandika kitanda kisicholaliwa na mtu.

*

Kemilembe alitaka kwenda. Tusimpambe, alitaka sana. Mnyauko mpya, ugonjwa wa migomba, ulikuwa umeingia Kagera akiwa bado shule ya msingi, na aliuona ukila kibanja kimoja baada ya kingine. Jani linalegea kama mkono wa mgonjwa, linageuka njano, ukikata shina linatoka usaha. Vijiji vizima vilikuwa vimegeuka nyasi. Watu waliokuwa wakila ndizi tangu enzi za mababu sasa walipanga foleni ya unga wa msaada, wakaupika bila kujua kuupika. Kemilembe aliingia kusomea maradhi ya mimea kwa sababu hiyo moja, na kila likizo alizunguka nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kulipitisha panga motoni kabla ya kukata mgomba, maana ugonjwa ulisafiri kwenye makali ya panga.

Na nyuma ya nyumba yao wenyewe, pembeni ya shimo la taka, shina moja la kale lilikuwa halijaugua. Migomba yote iliyolizunguka ikafa, lenyewe likaendelea kuzaa. Kemilembe alilipima kwa kila kifaa cha chuo asiambulie kitu. Akihamisha machipukizi yake kwenda kwingine, yanakufa. Kilichokuwa ndani ya shina lile, au chini yake, kilihitaji maarifa na mitambo ambayo hapa haikuwepo. Halvik ilikuwepo. Angekwenda, angejifunza, angerudi, angelisoma shina lile kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

Angerudi. Hapo ndipo mawazo yake yote yalipokwama.

Jumapili iliyofuata, Mujuni alipotokea kwenye kioo, Kemilembe alihakikisha amekaa peke yake sebuleni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Kemi. Nimesikia umechaguliwa. Hongera."

"Nina swali, na nataka unijibu kweli."

"Mimi sisemi uongo siku hizi," Mujuni akasema. "Sina sababu ya kusema uongo."

"Uzi wako uliuacha wapi?"

"Kwenye maji," akajibu papo hapo. "Hukumbuki? Nilikwenda kusomea maji. Nilitaka kuleta bomba mpaka mlangoni ili Mama asishuke tena kule bondeni. Nikasema, nikiacha uzi kwenye maji, lazima nitarudi kuikamilisha ile kazi."

"Mbona hukurudi?"

Mujuni alifikiri. Uso wake ulikuwa mtulivu kama maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu. "Kwa sababu maji yapo huku pia, Kemi. Tele. Natengeneza maporomoko kwenye bustani za mji. Ukiyaona utapenda. Uzi unashika kitu, haushiki sababu. Hilo sikulijua."

"Unajuta?"

"Hapana. Lakini usiniulize mimi. Mtu aliyeondolewa tumbo utamuuliza habari za njaa?"

Kemilembe alisikia kitu kimewekwa chini nyuma yake. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, sinia la ndizi za kumenya liko miguuni pake. Aligeuka akatoka, akapita uani, akaingia katikati ya mabua makavu ya kibanja kilichokufa.

*

Kemilembe alimkuta mama yake amekaa kwenye kigogo karibu na shina la kale, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayetaka kulima.

"Maji," Ma Koleta akasema. Akacheka kidogo. "Mimi ndiye niliyemtuma bondeni kila siku ya Mungu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuyapenda. Mwenyewe nilikuwa nikijiambia, kwa kuwa ananipigia kila Jumapili, basi yumo. Kumbe ananipigia kwa sababu nilimwambia apige."

"Mama, siendi."

"Utakwenda."

"Basi nikienda, uzi wangu nitauacha kwako. Wewe Halvik hupatikani. Kukuona mpaka nirudi."

Ma Koleta alimsogelea. Kisha akamshika mkono, akauweka kifuani pake, upande wa kushoto, pale ambapo moyo wake ulikuwa ukienda na kusita, ukienda na kusita, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Unausikia? Daktari wa Bukoba alikwishaniambia. Huu si wa kuwekea nanga. Nikifa wewe uko huko, uzi umekatika, nawe utakaa dirishani kama wale wa kwanza. Usithubutu kunichagua mimi."

"Nichague nini sasa?"

Mama alinyoosha mkono wake mwingine, akaligusa shina.

"Hili nililikuta nilipoolewa hapa, na mama mkwe wangu alilikuta alipoolewa. Mgomba ukizaa unakufa, lakini unaacha mtoto pembeni. Hili litanizika mimi, litakuzika na wewe. Na Halvik halipo. Ukiacha uzi wako hapa, utarudi tu, utake usitake."

Kemilembe aliona ubaya wa jambo lile, na aliona pia kwamba halina kasoro. Kila kitu alichokisema Mujuni kilikuwa kimejibiwa. Hili halikuwa maji. Lilikuwa moja tu duniani.

"Lakini Mama," akasema, "nitakuwa sikupendi."

"Najua."

"Sitaumia mimi. Utaumia wewe. Wanasema wanaondoa uchungu, ni uongo, wanauhamisha tu. Wananitua mimi wanakutwisha wewe."

"Mgomba haushindwi na mkungu wake," Ma Koleta akasema. "Nimekubeba tumboni. Hili nalo nitabeba. Watu wanakula unga wa msaada, Kemi. Watoto wa jirani wana matumbo kama ngoma. Mimi ni mtu mmoja."

Walikaa pale mpaka jua likawa kali. Kemilembe alitafuta moyoni hoja ya kumshinda mama yake. Aliona watoto wa jirani. Aliona mama yake akitandika vitanda viwili visivyolaliwa. Hakuna mizani iliyowahi kutengenezwa ya kupima vitu hivyo viwili, na aliyetakiwa kupima ni yeye, msichana ambaye hata shahada hakuwa nayo. Mwisho alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake akalia, na hakusema ndiyo wala hapana. Lakini wote wawili walijua kwamba ni ndiyo.

*

Kituo cha Utulizo kilikuwa Mwanza, kwenye jengo jeupe juu ya mawe. Daktari Pazi, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole, alimlaza kwenye kitanda chembamba akamvika kofia ya nyaya.

"Wengi huchagua masomo," akasema. "Wengine dini. Kuna kijana alichagua timu yake ya mpira. Mgomba sijawahi kuuona."

"Si mgomba tu, Daktari. Ni huo mmoja."

"Na ukiugua?"

"Umezungukwa na ugonjwa tangu nikiwa mtoto. Haujaugua."

Daktari alivuta kiti, akakaa. "Uzi uliokatwa hauungwi. Tumejaribu, haiwezekani. Nalazimika kukuambia hivyo. Tena ukitaka kuondoka sasa hivi, mlango uko wazi."

Kemilembe aliutazama mlango. Ulikuwa wazi kweli. Baadaye, kama angekuwa na uwezo wa kujuta, angejuta kwamba haukuwa umefungwa.

"Endelea," akasema.

Chembe ziliingia kwa pua zikiwa baridi, na harufu yake ilikuwa kama ya mvua kwenye bati. Daktari alieleza kwamba chembe hazijui zenyewe pa kukata. Lazima mgonjwa awaze, sehemu inayowaka ionekane kwenye kioo, ndipo zielekezwe. Mtu, kwa maneno mengine, alitakiwa kuwaita wapenzi wake mmoja mmoja waje wachinjwe.

Walianza na mbali: shule, kanisa, mtaa wa chuoni, rafiki zake. Kila kimoja kiliwaka kikazimika, na kila kilipozimika aliona wepesi, kama mtu anayevua viatu vinavyobana. Baba yake alikuwa mgumu; waliita kumbukumbu yake mara nyingi, akiwa amembeba begani, akiwa amelazwa sebuleni amefunikwa shuka. Mwisho naye akazimika. Mujuni, kwa ajabu, alichukua muda mfupi. Uchungu wake ulikuwa umechakaa.

"Sasa mfikirie mama yako."

"Ngoja kidogo, Daktari."

"Nangoja."

Alimfikiria akiwa ameinama anapuliza moto, moshi umemwingia machoni anaulaumu kama mtu. Alifikiria ile sauti yake anapomwita kutoka mbali, anavyolivuta jina: Kemi-lee-mbe. Alifikiria mkono wake juu ya kifua kile kinachokwenda na kusita. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Alisema, "Mama, nisamehe," kwa sauti, na daktari akageuza uso.

Machozi yakakoma.

"Unamwona?"

"Namwona. Anapuliza moto."

"Unasikia nini?"

Kemilembe alitafuta kwa uangalifu, kama mtu anayepapasa mfukoni. "Namwona tu," akasema.

*

Alipewa wiki chache za kupumzika nyumbani kabla ya safari. Mama yake alimpokea barabarani, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kemilembe naye alimkumbatia, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika, na alipoona imetosha akaachia. Ma Koleta alikuwa amemkaangia senene, wale panzi wa msimu wa mvua, chakula alichokipenda tangu utoto. Alikula. Senene walikuwa na chumvi ya kutosha.

"Umechoka, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Asante."

Aliona uso wa mama yake ukijikaza. Alijua sababu, kama anavyojua kwamba Kagera iko magharibi ya ziwa. Kisha akakumbuka nyuma ya nyumba kuna nini, na moyo ukamlipuka.

Alikimbia. Shina lilikuwa limesimama pale, kijani, limebeba mkungu, matone ya mvua yakiteleza juu ya majani mapana, na Kemilembe alipiga magoti akashindwa kupumua. Mapenzi yote aliyowahi kugawia watu yalikuwa yamepata mlango mmoja wa kutokea. Alilikumbatia. Alisema nalo. Alihisi kwamba kuondoka kwenda Halvik kutamuua, na kwamba atarudi hata kwa kutambaa. Mama yake, aliyesimama kwenye kona ya nyumba, alitikisa kichwa polepole. Mpango wao ulikuwa umefaulu.

Kuanzia hapo Kemilembe hakubanduka. Alilipalilia kwa vidole. Alilifuta majani kwa kitambaa chenye maji. Usingizi ulimjia pale pale, mchana, ameegemea gamba lake. Mama alimletea chakula akakila bila kugeuka.

Siku moja aliona majani mawili ya chini yamekauka, yananing'inia na kulilemea. Hayakuwa na ugonjwa; yalikuwa yamezeeka tu. Lakini kuyaona yakining'inia vile kulimuuma kama kumwona mtoto mwenye jeraha. Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Ma Koleta alikuwa amerudi nalo asubuhi hiyo kutoka kwa jirani, alikokwenda kumsaidia kufyeka migomba iliyooza, naye alikuwa ameingia jikoni kuchochea moto wa kuliunguzia makali. Kemilembe hakungoja. Alilichukua akakata, taratibu, kwa upendo, jani la kwanza na la pili, karibu kabisa na shina.

"Kemi!" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kijinga cha moto mkononi. "Kemi, hilo panga umelipitisha motoni?"

Aliyewafundisha watu wa vijiji vyote vile alitazama makali aliyoyashika. Juu yake kulikuwa na utando mwembamba wa njano uliokaukia.

Walikata kipande kirefu pale palipojeruhiwa, wakaunguza kidonda kwa kijinga. Walifanya yote ambayo Kemilembe alijua kuyafanya. Ndani ya shina lile kulikuwa na kitu kilichozuia ugonjwa wa hewani, wa ardhini na wa wadudu, lakini sasa ulikuwa umetiwa ndani ya mwili wake. Kabla ya siku ya safari, jani la juu kabisa, lile changa lililokuwa bado limejisokota, lililegea. Kisha la pili. Machipukizi yakafuata mama yao. Kemilembe alilikata shina, na usaha ukatoka.

Kilio alichopiga kilisikika mpaka barabarani. Alijitupa chini akajigaragaza matopeni, akaita, akapiga ardhi kwa ngumi kama wanavyofanya wanawake kwenye msiba mkubwa. Mama yake alitoka ndani mbio, moyo ule mbovu ukimwendesha, na Kemilembe alimwona anavyokuja. Uso wake ulikuwa umechangamka. Ma Koleta alikuwa amesikia mwanawe analia, akadhani kwamba mwanawe amerudi. Alipofika na kuona anachokililia, ule mng'ao ulizimika. Hata hivyo alikaa chini matopeni, akamvuta, akampakata.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lia sana."

Kemilembe akalia, na kadiri alivyolia ndivyo kile kilichokuwa kikimvuta kilivyozidi kulegea, mpaka akajikuta amekaa mapajani mwa mwanamke mzee, nguo zimelowa, hana sababu ya kuendelea.

Gari la Shirikisho lilikuja kumchukua. Mtumishi alimvika kofia ndogo ya nyaya, akatazama kioo chake, akakitazama tena. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Halvik hawampokei mtu asiye na uzi. Ma Koleta aliuliza kama kuna dawa. Mtumishi alisema pole, akaondoka.

Sasa Kemilembe hukaa kwenye kiti cha baba yake, dirishani. Haoni baridi ikimsumbua wala jua. Mchana mama huja na bakuli la uji wa unga wa msaada, anakaa kwenye kigoda mbele yake, anapumua kwanza, maana siku hizi hata kutoka jikoni kunamchosha.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Wewe ni mama yangu. Ma Koleta."

"Na wewe?"

"Kemilembe."

Majibu ni sahihi yote. Kemilembe anaona kijiko kinakuja. Anajua kwamba moyo ule hautafika mbali, na kwamba baada yake hakuna atakayebaki wa kumlisha. Anajua kwamba haya ni ya kusikitisha.

"Fungua kinywa, mwanangu."

Anafungua.